Mtoa Sumu Mkuu wa Taifa

Haya yametokea katika nchi moja ambayo jina lake hatutalitaja, kwa sababu wenyewe hulibadilisha kila wanapopata mkopo mpya, na hatutaki kuonekana tumepitwa na wakati. Waliotusimulia walikuwepo. Wengi wao wameshakanusha kwamba walikuwepo, jambo ambalo limetuzidishia imani.

Nchi hiyo ina mila moja nzuri sana. Mgeni akifika, mwenye nyumba humimina kinywaji, akanywa funda moja yeye mwenyewe huku mgeni anamtazama, ndipo akamkabidhi. Huko ndiko kutoa sumu. Maana yake haihitaji mwanasheria: ninachokupa wewe nimekitia kwanza kinywani mwangu. Mabibi walifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, bila cheti, bila muhuri, bila gari la serikali, na wageni waliokufa walikuwa wachache mno.

Serikali ilipoona kuna kitu kinafanya kazi vizuri bila yenyewe, iliingiwa na uchungu ikakiundia idara.

Sheria ya Idara ya Kutoa Sumu ilikuwa fupi, maana iliandikwa asubuhi na kusainiwa kabla ya chakula cha mchana. Ilisema kwamba hakuna kitakachonywewa wala kuliwa na wananchi kutoka mikononi mwa serikali mpaka Mtoa Sumu Mkuu akionje hadharani. Akishaonja, upigwe wimbo wa taifa. Wimbo ukiisha naye bado amesimama, kitu hicho ni salama. Haikusema asimame vipi.

Mtoa Sumu wa kwanza alikuwa mtu mwembamba mwenye tumbo la kweli. Likipewa kibovu, linakirudisha papo hapo mbele ya mabalozi. Lilirudisha maziwa ya wanajeshi. Lilirudisha maji ya kiwanja cha ndege. Siku liliporudisha maharage ya wafadhili, bendi ya polisi ilirudi kambini bila kupiga hata noti moja na Baraza la Mawaziri likaitwa kwa dharura. Baraza lilichunguza kwa kina, likagundua kwamba tatizo la maharage lilikuwa mwonjaji. Akastaafishwa kwa heshima zote, na gazeti la serikali likatoa tangazo: "Anatakiwa mwananchi mwenye tumbo la kizalendo."

Ndipo akaja Mzee Shaame.

Shaame alikuwa amepakua mizigo ndani ya matumbo ya meli, amekaa jela miaka kadhaa kwa jina la mtu mwingine, na ule mwaka watu walipochemsha majani ya uani yeye alichemsha pamoja na uzio. Vitu hivyo vilimwachia meno machache, mzaha mwingi, na tumbo lisiloshtuka. Siku ya usaili waombaji waliletewa pweza aliyekaa ofisini tangu siku tangazo lilipotoka. Mmoja alipitia dirishani. Wawili walibebwa. Shaame alimla pweza, akalamba vidole, akawauliza wasaili waliokuwa wamejiziba pua kwa tai zao: "Ndimu hamna?"

Aliajiriwa kabla hajanawa.

Basi nchi ile ikapata kipimo ambacho hakijawahi kusema hapana. Shaame alionja maziwa, nyama za makopo na dawa za uzazi. Alilamba rangi ya hospitali mpya. Kivuko kipya alikijaribu kwa kula wali ndani yake kikiwa bado kimefungwa gatini. Vyote vilifaulu. Mawaziri wakamwita Tumbo la Taifa, naye akacheka, akaamini. Mbona asiamini? Kitu kingekuwa kibaya, alijiambia, si kingemuuma?

"Bwana wee," mkewe Bi Mize alimwambia mara moja akimkuna mgongo, "tumbo lako hilo si la kupimia. Ni la kutupia."

Shaame alicheka hadi akakohoa. Ulikuwa mzaha mzuri, na aliurudia kazini.

* * *

Mwaka huo ilikaribia Sikukuu ya Mavuno. Mavuno hayakuwepo, ila sikukuu ilikuwepo kwenye kalenda, na kalenda ilikuwa imeshachapishwa. Mheshimiwa Bungala, Waziri wa Lishe, Sherehe na Takwimu, akatangaza kwamba siku hiyo Mtukufu Baba wa Jana, Leo na Kesho atazindua Uji wa Heshima, uji wenye virutubisho vyote vinavyojulikana na vingine vinavyotarajiwa kugunduliwa. Unga wake ulitoka ghalani kwa shemeji yake Waziri, ambako mahindi yalikuwa yakingojea wateja tangu serikali iliyotangulia ile iliyotangulia hii. Kwenye kila gunia palichorwa uso wa Mtukufu akitabasamu.

Shaame hakuwa mtu wa kuomba omba. Safari hii aliomba. Alimbusu Waziri mkono akamwomba shule ya kwanza iwe ile ya mjukuu wake Raya, na kikombe cha kwanza akipokee Raya kutoka mkononi mwa Mtukufu. Raya alikuwa mtoto wa marehemu binti yao, wanamlea wenyewe. Waziri alikubali palepale, maana kitu kisichomgharimu alikitoa kwa ukarimu mkubwa.

Nyumba nzima ikageuka uwanja wa gwaride. Bi Mize alipiga pasi sare ya Raya mpaka ikaanza kung'aa. Raya alijifunza kupiga goti kwa heshima huku ameshika bilauri tupu.

"Mke mwenzangu," Bi Mize alimwambia, maana ndivyo alivyomwita kwa utani, "goti gani hilo? Mtu atadhani umekanyaga mwiba."

"Babu ndiye kanifundisha hivi!"

"Babu yako huyo alipiga goti mara moja tu, siku ya kuniposa, na kunyanyuka akashindwa."

"Msinigombanie," akasema Shaame. "Raya, mke wangu, siku hiyo ukishakunywa uniachie funda la mwisho."

Njaa ilikuwepo mjini, tena si ya kuambiwa. Darasani kwao Raya watoto walilala juu ya madawati kabla ya saa nne. Kwa hiyo furaha ya nyumba ile haikuwa ya picha tu. Mtoto atakunywa uji na atashiba.

* * *

Bakuli la uji wa mazoezi lililetwa ofisini asubuhi moja, limefunikwa kitambaa cha bendera. Shaame alifunua. Harufu iliyomfikia ilikuwa ya nguo zilizolowekwa ndoo zikasahauliwa mpaka wenyewe wakahama. Hakujali. Amekula vyenye harufu mbaya kuliko hiyo akaomba kuongezwa. Alikunywa vijiko kadhaa, akafuta mdomo, akaanza kusoma gazeti.

Hakufika ukurasa wa pili. Lile tumbo lililonyamazia kila kitu miaka yote lilisimama wima. Lilimpiga teke mara moja, likajikunja, na yule mzee akajikuta amekumbatia chungu cha ua la mapambo kwenye ushoroba wa Wizara, akitoa vya jana na vya juzi. Lilikuwa ua la plastiki. Walioliona wanasema lilinyauka.

Aliyemkuta pale ni Bi Sikudhani, mkemia wa Idara. Kwa kawaida kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwa barua kile ambacho Shaame alishakithibitisha kwa kusimama. Siku hiyo alikuwa na chekecheke mkononi. Alimkalisha mzee kitako, akampa maji, akamwonyesha vumbi la kijani lililobaki kwenye nyuzi.

"Kuvu hii, Mzee Shaame. Mahindi yameoza, yakasagwa nayo, kisha unga ukatiwa chokaa uonekane mweupe. Sumu ya kuvu namna hii haifi kwa kuchemshwa. Inakwenda kwenye ini."

"Inaua?"

"Mtu mzima huenda akapona. Mtoto aliyelala na njaa, ini lake dogo..."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina shaka kubwa. Hakika inataka majuma kadhaa maabara. Na sherehe keshokutwa."

* * *

Kikao kiliitwa mchana uleule. Ajenda yake ilikuwa nzito: Kupima Hatari na Faida kwa Utulivu, Kabla Turubai Halijafungwa. Ubao uligawanywa sehemu mbili. Upande wa Faida ulipewa ubao wote isipokuwa pembe ya chini, ambako alama za chaki ya zamani zilikuwa hazifutiki, na hapo ndipo pakaandikwa Hatari.

"Waheshimiwa," alianza Waziri Bungala, ametanua mikono kama anayebariki mazao, "serikali hii haiogopi sayansi. Sayansi ni mgeni wetu wa heshima. Lakini mgeni wa heshima akichelewa, tunaanza kula, tunamwekea chake."

Makofi.

Faida zikaandikwa. Bendi imeshafanya mazoezi. Maputo yameshapulizwa, na puto likishapulizwa halirudi nyuma. Mabalozi wameshanunua kofia. Mtukufu ameshapigwa picha akitabasamu mbele ya unga, na tabasamu hilo haliwezi kutumika kwa jambo jingine. Mwishoni kabisa karani aliona pamebaki nafasi, akaongeza: watoto watashiba.

"Sasa hatari," akasema Waziri. "Mkemia, kwa kifupi."

"Ini, Mheshimiwa."

"Ini la nani?"

"La watoto."

"Watoto gani? Jina."

"Bado hatujui, Mheshimiwa. Ndiyo maana tunataka kupima."

"Basi hatuwezi kuiandika. Hatari isiyo na jina la mtu ni uvumi. Na hayo madhara, tuseme yapo. Yanaonekana lini?"

"Mengine baada ya wiki. Mengine baada ya miaka."

"Miaka!" Uso wa Waziri ulinawiri kama wa mtu aliyeambiwa kesi yake imepotea jalada. "Kumbe tuko ndani ya muda!"

Makofi tena, marefu zaidi. Shaame aliinua mkono. Hajawahi kuinua mkono kikaoni. Kazi yake ilikuwa kinywa.

"Mheshimiwa, mimi nimetapika."

Karani aliacha kuandika.

"Ulianguka?" akauliza Waziri.

"Sikuanguka. Niliinama."

"Kuinama si kuanguka." Akamgeukia karani. "Andika: Mtoa Sumu aliupokea uji kwa unyenyekevu mkubwa. Na wimbo wetu wa taifa una beti ngapi?"

"Nne, Mheshimiwa."

"Kwa maslahi ya sayansi, upigwe mmoja. Tena bendi iuharakishe."

"Basi mimi sionji," akasema Shaame.

Waziri alimtazama kwa upole, upole ule wa daktari wa meno. "Usionje, mzee wangu. Umetumika sana, umechoka. Tunaye bondia wa uzito wa juu, ametuonyesha anatafuna vioo. Mjukuu wako lakini atakuwa palepale mbele, na kikombe cha kwanza. Si uliomba mwenyewe? Tena ukanibusu mkono."

Nje, kwenye ushoroba, Sikudhani alimfuata mzee mbio mbio, macho mekundu.

"Nisamehe, mzee wangu. Nina watoto watatu na nyumba ni ya serikali."

"Umewaandikia nini?"

"Nimeandika hakuna ushahidi wa madhara. Ni kweli. Hatujautafuta."

* * *

"Raya haendi," alisema Bi Mize alipoelezwa. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua uso. "Nasema ana tetekuwanga."

"Na wenzake?"

"Wenzake wana mama zao."

"Mama zao wameshapiga pasi kama wewe. Nimepita njiani nimewaona. Wananipungia mkono, Mize. Ananiambia mmoja, mzee Shaame, ukionja wewe sisi roho kwatu."

"Si uwaambie basi!"

"Niwaambie nini? Maziwa yalikuwa matamu, nyama tamu, rangi ya hospitali tamu. Leo niseme uji mbaya, watasema mzee kanyimwa posho."

Bi Mize aliweka ungo chini. Alikuwa ameolewa na mtu huyu muda mrefu kiasi cha kujua lini anatania, na alitafuta mzaha usoni mwake kila pahala akaukosa.

"Hebu niambie," akasema taratibu, "hiyo sheria yenu inasemaje hasa?"

Shaame akamsomea kwa kichwa. Bi Mize akamwambia arudie. Aliporudia, wote wawili wakakwama kwenye neno lilelile: hakuna.

* * *

Siku ya sherehe jua lilitii ratiba. Watoto walipangwa mstari mbele ya jukwaa, kila mmoja, isipokuwa Raya, na kikombe cha bati chenye uso wa Mtukufu, na uji umeshamiminwa unatoa moshi. Shule nyingine zote za mkoa zilikusanywa nyuma, zingoje zamu. Televisheni ya taifa ilikuwa hewani tangu alfajiri, ikionyesha viti.

"Leo," alinguruma Waziri Bungala, "tunaizika njaa! Tunaizika bila jeneza, bila sanda, bila matanga! Nani atailia njaa? Hakuna! Nchi nyingine zinapima, zinapima, zinapima mpaka watoto wao wanaota ndevu. Sisi tumepima mara moja, tena kwa ujasiri!"

Shaame akasogea mbele, ndani ya koti lake la Idara; jana yake alikuwa amekwenda kumwomba Waziri radhi, na bondia akarudishwa kwao. Kikombe chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Alikunywa. Bendi iliupiga ubeti mmoja kwa kasi iliyowafanya wapiga saluti wagongane viwiko, na ukaisha kabla uji haujavuka kifua. Tumbo lilianza kujikunja baadaye kidogo, lakini baadaye haikuwemo kwenye sheria.

"Amesimama!" alipasua sauti mshereheshaji. "Ni salamaaa!"

Raya alitoka mstarini. Alipiga goti zuri, halikuwa na mwiba hata kidogo. Mtukufu akamkabidhi kikombe, kamera zikasogea. Raya alikuwa ameshakigusisha midomo pale kivuli kilipomwangukia.

"Lete, mke wangu," akasema Shaame.

"Babu! Changu hiki!"

"Sheria, mama. Hakuna kinachonywewa mpaka nikitoe sumu."

Akakichukua, akakinywa mpaka chini, akamrudishia kikombe kikavu. Umati ukacheka. Akahamia kwa mtoto wa pili. Akakinywa chote. Akahamia kwa wa tatu.

Waziri Bungala alimsogelea, meno yote nje kwa ajili ya kamera. "Unafanya nini, mzee?" alisema kupitia meno hayo.

"Kazi, Mheshimiwa."

"Umeshaonja!"

"Nimeonja changu. Sheria inasema hakuna kitakachonywewa mpaka nikionje."

"Onja funda moja basi, laana wewe!"

"Kiasi haikutaja. Mliiandika haraka."

Wangemburuta hapo hapo. Walinzi walikuwa kumi na zaidi, na kila mmoja alikuwa na mikono ya kutosha. Balaa ni kwamba Mtukufu alikuwa amefurahi. Alidhani anaona mzee aliyezidiwa na utamu, na alianza kupiga makofi. Katika nchi ile Mtukufu akipiga makofi hakuna anayeruhusiwa kuacha kabla yake, na mlinzi anayepiga makofi hawezi kushika mtu. Waziri mwenyewe alipiga makofi huku akitokwa jasho.

Kwa hiyo Shaame aliendelea. Kikombe cha saba kilishuka kama tope. Kilichofuata kilipanda kidogo, akakirudisha. Machozi yalimtoka, kamasi zilimtoka, uji wa kijivu ulimshuka kidevuni ukaingia kwenye kola ya Idara, na mshereheshaji akamwelezea taifa kwamba hayo ndiyo mapenzi. Tumbo lilikuwa limetanuka hadi vifungo viwili vya koti vikaruka, kimoja kikampata balozi. Shaame hakuona tena watoto. Aliona vikombe tu, na kwenye kila kikombe, uji ulipokwisha, Mtukufu akitabasamu chini kabisa.

Alipomaliza mstari, vikombe thelathini na kitu, Mtukufu alitazama saa. Ratiba ilisema anatakiwa akazindue choo katika mji mwingine. Akaacha kupiga makofi, akaondoka, na msafara ukaondoka naye, na kwa kuwa uji wa uzinduzi hautolewi mgeni rasmi akishaondoka, watoto wakapewa maputo wakaambiwa waende nyumbani.

Hapo ndipo Shaame alipoanguka. Wimbo ulikuwa umeisha zamani.

* * *

Hospitalini walimtoa kilichotoka na kilichobaki wakakiachia tumbo lenyewe. Daktari Mbaruk, kijana mpole aliyezoea kufanya kazi bila dawa, alimwambia Bi Mize alasiri ile: "Ataishi. Sijui vipi, lakini ataishi. Tumbo kama hili ningelisoma chuoni ningeacha masomo."

Shaame alifumbua macho, akamwona mkewe kwenye mkeka anamenya chungwa, akatabasamu kwa midomo iliyopauka. Watoto wamerudi nyumbani na njaa yao. Njaa alikuwa anaijua. Mtu anaamka nayo.

Mlango ukafunguliwa. Waziri Bungala aliingia na shada la maua na furaha isiyo ya kawaida.

"Mzee wangu! Shujaa wangu! Nilikukasirikia, nakiri. Kisha vijana wangu wa takwimu wakakaa na kalamu. Unajua umetufanyia nini? Umekunywa vikombe zaidi ya thelathini na uko hai. Mtoto anakunywa kimoja. Kimoja tu! Hakuna uji duniani uliopimwa namna hiyo." Akamwekea shada kifuani. "Tulikuwa na woga, tulianza na mkoa mmoja. Sasa hakuna sababu. Kesho asubuhi, shule zote, nchi nzima, na chini ya picha yako tumeandika: Alishindwa Kuacha. Pona haraka."

Akatoka akipiga mluzi ubeti ule mmoja.

Shaame alikaa akitazama dari. Kilichomjia tumboni sasa hakikuwa uji. Kilikuwa kinyaa, kile cha kujigeuza ndani na kutaka kujitapika mwenyewe. Alikuwa amekunywa sumu ili izuiwe, nao wamemchukua yeye wakamfanya cheti.

"Daktari," akasema, "niandike nimekufa."

"Siwezi, mzee wangu. Wewe ni mtu wa kitaifa. Kifo chako kinatangazwa na Wizara."

"Basi nipe kitu nife kweli."

"Dawa zimekwisha. Hata hizo."

Bi Mize alimeza kipande cha chungwa, akapangusa mikono, akanyanyuka. Alivuta khanga yake moja akamfunika mumewe kuanzia miguuni hadi shingoni.

"Fumba macho."

"Mize..."

"Fumba macho, mume wangu. Na kinywa pia, maana hicho ndicho kilichotufikisha hapa."

Akamvutia khanga usoni. Kisha akaweka mikono kichwani, akajaza kifua, akaachia.

"Yoooo! Shaame kaniacha! Uji umeniulia mume wanguuu!"

Wadi ya pili waliipokea habari bila kuuliza. Kutoka hapo ikafika kwa wauza karanga langoni, ikavuka barabara, ikapanda vilima, na kila kizingiti ilipopita mama mmoja alimvuta mtoto wake ndani. Gari la Waziri lilikuwa bado kwenye foleni wakati watu walipoanza kulipita wakikimbilia hospitali na mikeka kichwani.

Waziri alirudi akipiga kelele kwamba mzee yu hai. Umati ukataka maiti. Akasema maiti hakuna. Watu wakatazamana.

"Wamemficha!" akasema mtu. "Hata kumzika wanatunyima!"

Ikabidi zije kamera. Waziri aliivua khanga usoni kwa mkono wake mwenyewe, taifa likaona uso wa kijivu, ukungu wa uji mdomoni. Akambonyeza shavu. Akamfinya. Shaame alikuwa amefinywa na mapolisi wanaojua kazi. Huyu hakuwa kitu. Ndipo Waziri akaagiza aletwe Raya.

Raya hakuwa ameambiwa chochote. Aliingia na sare yake ya pasi, akasimama kando ya kitanda. Waziri akamnong'oneza, naye akasema kama alivyonong'onezwa, kisauti kikitetemeka:

"Babu. Babu, amka. Wamesema ukiamka watanipa kikombe changu."

Chumba kizima kilimtazama mzee. Hakutikisika. Alilala kama gogo lililokatwa, na ndani ya gogo hilo kila kitu kilikuwa kinampigia kelele ainuke, ampakate, amwambie mke wangu, niko hapa. Raya alilia kilio cha kweli, akamwangukia miguuni. Na kutoka kwenye jicho la kushoto la Shaame likatoka chozi moja, likashuka taratibu kuelekea sikioni.

"Mmeona!" alipiga kelele Waziri, akiivuta kamera kwa nguvu. "Mmeona! Analia! Maiti halii!"

Bi Mize aliinama akalitazama lile chozi kwa karibu, taifa zima likitazama naye.

"Si chozi hilo, Mheshimiwa," akasema. "Ni maji ya uji. Yanatafuta pa kutokea."

* * *

Asubuhi yake magunia yalifunguliwa mbele ya kila shule, masufuria yakachemka, bendi zikapiga ubeti mmoja. Mtoto hakuonekana hata mmoja. Redio ya taifa ikatangaza kwamba Mzee Shaame yu hai, anaendelea vizuri, na amekula. Ikatangaza tena saa nne. Ikatangaza mara ya tatu adhuhuri, kwa sauti ya Waziri mwenyewe, na baada ya tangazo hilo hata wale wachache waliokuwa bado na shaka walianza kuchanga sanda.